Kwa vijana mlioshangilia mabomu msibani

Wajukuu zangu wa kijiweni,

Nawaandikia kwa kuwa juzi nilishindwa kusema. Tulikuwa chini ya turubai tukisubiri mwili wa mzee mwenzangu, mgambo wa 1978. Ninyi mlikuwa sita, mmeinamia simu moja, mkitazama mabomu yakiporomosha maghorofa katika nchi za watu, na kila kishindo mnapiga kelele kana kwamba goli limeingia. Kisha mmoja wenu akasema, "Sisi tungepewa bunduki, siku tatu tu kazi imekwisha." Marehemu alikuwa hajatolewa hata ndani.

Siku tatu! Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Kampala ilianguka Aprili 11, 1979, na vita vikaisha Juni. Sehemu kubwa ya njia hiyo tuliikata kwa miguu. Marehemu alipewa buti lisilomtosha, akalichana mbele kwa kisu, akatembea vidole vikiwa nje.

Mmezoea kusimuliwa tulivyoshinda. Leo nawasimulia tulivyokimbia. Machi 10, Lukaya, ndani ya Uganda, pale barabara inapopita katikati ya kinamasi. Katika Brigedi yetu ya 201 wengi tulikuwa mgambo, watu wa jembe na nyavu. Mizinga ilipotuangukia, na Walibya waliokuja kumsaidia Amin wakasonga mbele, tulitawanyika. Nilijikuta ndani ya mafunjo, maji kifuani, bunduki nimeinyanyua juu ya kichwa, nimeng'ata kola ya shati ili meno yasigongane. Marehemu alikuwa hatua mbili kutoka kwangu akimwita mama yake. Hakuwa na neno jingine usiku ule. Alfajiri Brigedi ya 208 ikazunguka na kuwapiga ubavuni, nasi tukakusanywa, tukarudi barabarani. Lukaya ikawa yetu. Lakini mpaka leo mvua kubwa ikipiga bati usiku, silali.

Msinielewe vibaya, sijutii kwenda. Mwalimu Nyerere aliposema sababu ya kumpiga Amin tunayo, nia tunayo na uwezo tunao, alisema kweli. Tulipovuka mto pale Kyaka niliingia nyumba moja, nikakuta sufuria la ndizi bado liko juu ya mafiga, ndizi zimeota ukungu, na kiatu kimoja cha mtoto mlangoni. Kwa ajili ya kiatu kile ningekwenda tena. Ila sijawahi kukishangilia, na sikumwona mwenzangu hata mmoja aliyekishangilia.

Wanangu, msimuulize mzee aliua wangapi. Atakayeingia jeshini atunze kila karatasi atakayopewa. Akirudi akakosa usingizi, amwambie mtu. Pombe itamlaza leo na kumwamsha vibaya kesho. Mkewe asifanywe adui.

Hilo la karatasi nalisema kwa uchungu. Tulirudi tukapokewa kwa ngoma, halafu tukaambiwa tufunge mikanda miezi 18, tukafunga, na miezi hiyo ikawa miaka. Sisi mgambo wengi tulirudishwa uraiani, kila mtu kwenye jembe lake. Cheti cha marehemu kililowa kwenye nyumba inayovuja. Alikwenda ofisi moja mara nyingi, kila mara anaambiwa alete kingine, hadi nauli ikamshinda. Kila Julai 25 tunawakumbuka mashujaa, na waliolala Kaboya, kwenye makaburi ya mashujaa wa vita hivyo, wanastahili kila ua linalowekwa pale. Lakini huyu alikuwa hai, anapita mbele ya kijiwe chenu kila siku na dumu la maji. Hakuna kijana aliyempokea lile dumu, na hakuna kiongozi aliyebisha hodi kwake. Mimi nilikuwa jirani yake na sikumsemea vya kutosha. Hilo nalibeba.

Siwachukii. Aliyesema siku tatu nilimbeba mgongoni akiwa na surua, mama yake akihangaika kutafuta gari. Hasira yangu ni kwamba mna nguvu na muda, na mmevipeleka kwenye simu.

Jumamosi asubuhi tunamwezekea mjane wake paa. Bati ishirini zipo, mbao zipo, fundi ni mmoja na umri wake ni kama wangu, ngazi imemshinda. Njooni saa moja, mje na nyundo. Misumari ya bati bado haijapatikana, atakayeweza kuja na kilo moja aje nayo. Mjane atapika uji.

Babu yenu.