Zawadi ya mtu aliyechoka na simu

Mwezi uliopita aliingia dukani mama mmoja, mumewe anastaafu wiki inayofuata. "Nataka zawadi yoyote," akasema, "mradi kisiwe kitu cha kuchaji." Maneno kama hayo siku hizi tunayasikia sana hapa dukani. Kijana analalamika macho, bibi analalamika wajukuu: wakija Idi wanakaa ukumbini kila mmoja kainamia simu yake, salamu anaitikiwa bila ya kutazamwa.

Vitu vya mkono tunavyo vingi, lakini mteja wa namna hiyo cha kwanza ninachomwekea mezani ni bao. Kisha namuuliza: atacheza na nani?

Swali hilo limetokana na makosa yetu wenyewe. Miaka ya mwanzo tulikuwa tunauza bao kama tunavyouza picha. Mteja anachagua lenye nakshi, tunamfungia, kwaheri. Siku ukipita kwake unalikuta limetundikwa ukutani, au limefanywa sahani ya karanga (mashimo yanafaa kwa karanga, hilo sikatai), na mwenye zawadi kakaa chini yake na simu mkononi. Kosa si lake. Simu unaifungua peke yako, bila ya mwenzako. Bao ukimpa mtu asiyekuwa na wa kucheza naye, umempa ubao.

Kwa hiyo sasa bao letu linauzwa pamoja na somo. Aliyepewa zawadi anakuja na mtu mmoja, mke, jirani, mtoto, yeyote, anakaa na fundi wetu alasiri moja, na kahawa juu yetu. Kwa mgeni kabisa tunaanzia bao la kujifunza: mashimo 32, kila shimo kete mbili, mnaanza. Mtoto wa miaka minane analielewa kabla kahawa haijapoa. Bao lenyewe la kiswahili ndilo linalotoa watu jasho. Kila mchezaji anaanza na kete 10 tu ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa ndani ya nyumba, lile shimo la mraba, na 22 anazo mkononi. Hapo ni kunamua: kila zamu unaingiza moja. Za mkononi zikimalizika ndipo unapoingia mtaji, yaani kucheza kwa kete zilizoko ubaoni tu, na ndipo wengi wanapogundua kuwa kete za nyumba yao walizitawanya mapema mno.

Ukinunua kwetu au kwingine, tazama mashimo kabla ya nakshi. Bao lililochongwa kwa ajili ya watalii mara nyingi mashimo yake ni mafupi. Kete zikirundikana kumi na kitu zinamwagika, na mchezo unageuka mabishano. Tia mkono ndani: vidole vichote kete zote kwa mara moja, pasiwe na pembe inayozibakisha. Mninga ni mzito na hautikisiki mtu akitupa kete kwa hasira. Mwembe bei yake ni nafuu, unatosha nyumbani.

Kete zetu ni komwe, zile mbegu za kijivu, ngumu kama jiwe. Aliyekulia pwani hahitaji kuelezwa. Skuli tulikuwa tukiisugua sakafuni mpaka ishike moto, kisha tunambandika mwenzetu shingoni. Nimeona mzee wa miaka sitini na ushei akiisugua kwenye kaunta yetu huku akimtazama mkewe. Mke akasogea.

Keram na dhumna pia tunazo. Keram inataka poda, taa nzuri na jirani asiyelala mapema. Dhumna inataka meza imara tu.

Wapo pia wanaotaka utulivu, hawataki mchezo wala mtu. Hao nawapa ukindu, majani ya kusukia: mafungu matatu yaliyokwishatiwa rangi, pamoja na kipande cha ukili, ule utepe wa kushonea mkeka, ambacho msusi wetu ameshakianza, kwa sababu kuanza ndiko kunakokatisha tamaa. Nakwambia mapema, usitarajie mkeka. Mkeka mmoja unakula pima nyingi za ukili, na anayesuka mara ya kwanza mkono wake unapinda. Ila vidole vikishika ukindu uliolowa maji, simu ikilia huishiki.

Ukitaka jina lichongwe kwenye bao, tupe siku kumi; kabla ya Idi na misimu ya harusi, tupe mwezi. Wateja wa Pemba na Dar es Salaam tunawatumia kwa boti, na somo wanalichukua siku yoyote wakija Unguja.

Mume wa yule mama alirudi wiki ya tatu, kete mbili zimepotea, anawashuku wajukuu. Tukampa, hatukumtoza. Kete za ziada kwetu ni bure daima. Zihesabu tu vizuri kabla hujaja, maana zinatakiwa 64, na bao la kete 63 huvunja udugu.