Namba pekee hairudishi gitaa lililoibwa

Mhariri,

Wanamuziki wanahimizwa wasajili ala zao mtandaoni ili mwizi akose pa kuziuza. Wazo ni zuri, lakini wengi hujaza namba ya kiwandani, huweka picha moja ya mbele, basi. Picha hiyo ya gitaa jekundu haina tofauti na ya magitaa mekundu yote ya toleo lake.

Hata hiyo namba huwasumbua watu kuipata. Kwenye gitaa la umeme itafute nyuma ya kichwa, au kwenye bamba la chuma linaloshika shingo. Gitaa kavu lichungulie kwa tochi kwenye tundu la sauti: iko ndani, shingo inapoungana na sanduku, au kwenye lebo. Tarumbeta huwa nayo kwenye vali ya katikati. Saksafoni, nyuma ya bomba karibu na kishikizo cha dole gumba. Ikiwa jasho limeifuta nusu, weka karatasi nyembamba juu yake, laza penseli na usugue taratibu, tarakimu zitajichora. Angalia usichanganye 0 na O, 8 na B. Kosa la herufi moja linatosha kuificha ala yako kwa kila anayeitafuta.

Namba yenyewe pia haiaminiki kila mara. Kampuni ya magitaa ya Gibson, katika miaka ya 1960 na mwanzoni mwa ile ya 1970, iliwahi kupiga namba zilezile kwenye zaidi ya gitaa moja. Magitaa mengi ya Fender shingo yake imefungwa kwa skrubu nne, na namba ikiwa kichwani, mwenye bisibisi anaihamishia mwili mwingine kabla chai haijapoa. Ya kinanda cha umeme mara nyingi ni stika tu chini ya kinanda, ukucha unaibandua. Fidla nyingi hazina namba kabisa, na lebo ya Stradivarius, fundi maarufu wa fidla wa Italia, iliyomo ndani haithibitishi kitu; viwanda vimeibandika kwenye fidla za kawaida kwa maelfu.

Kinachoitambulisha ala ni mbao yake na makovu yake. Zima flashi, maana vanishi huirudisha, upige picha kwa mwanga wa dirisha unaotoka ubavuni, rula ikiwa kando. Sogea karibu na matundu ya sauti mpaka mistari ya mbao ihesabike, kisha piga mgongo, kichwa na kila mkwaruzo. Klarineti ya mpingo ni nyeusi tii, mistari haionekani. Hapo tegemea nyufa zilizozibwa, na namba za vipande viwili vikuu kama zinalingana. Upinde wa fidla usajili peke yake na uzito wake kwa gramu (huwa kama 60), kwani huibwa peke yake. Alama moja usiitangaze popote, uitaje tu utakapotakiwa kuthibitisha kuwa ala ni yako.

Kumbukumbu ya namna hiyo haichakai. Fidla ya Stradivarius ya mpiga fidla Roman Totenberg iliibwa mwaka 1980. Mwaka 2015 ilipopelekwa kwa mthamini, aliitambua.

Ila kusajili si hati ya umiliki, kwani yeyote anaweza kusajili ala ya mwenzake. Ambatanisha risiti, na muuzaji aandike namba ya ala juu yake. Ipige picha siku hiyohiyo: karatasi ya risiti za mashine hufifia ikabaki nyeupe. Ukibadilisha simu au barua pepe, badilisha na kwenye rejista, la sivyo ala itaonekana na wewe hupatikani. Ukiuza, hamisha jina. Ikiibwa, weka alama ya wizi siku hiyohiyo pamoja na namba ya ripoti ya polisi. Mnunuzi naye asome namba kwenye ala akiwa ameishika, asiinakili kutoka kwenye tangazo, ndipo atafute, ndipo alipe.

Wanaoendesha rejista hizi waruhusu picha sita au zaidi na waweke sehemu ya kuhamisha umiliki. Anayetafuta kwa namba aonyeshwe tu kama ala imeripotiwa kuibwa. Jina la mwenyewe na mahali anapoishi visionekane, maana mwizi naye hutafuta.

Mafundi wa ala za nyuzi na za kupuliza