Kwa nini tunakuuliza kama umempigia unayemtumia pesa

Wateja wanaokuja dirishani kwetu, sisi mawakala wa pesa za simu, kuweka pesa ili waitume papo hapo kwenye namba waliyoipata kwa ujumbe, siku hizi tunawauliza kwanza kama wamempigia huyo wanayemtumia. Wapo walioona kwamba tunawapekua, na hatuwalaumu, ila tungependa sababu yake ijulikane.

Ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii" umekuwa mzaha wa mitandaoni, lakini tapeli huusambaza kwa watu wengi asiowajua, akitegemea kwamba miongoni mwao hakosi aliyekuwa njiani kulipa. Mwezi uliopita mama mmoja alisimama dirishani akiwa ameshika laki tatu za kodi, na kwenye simu yake pameandikwa: "Mimi mwenye nyumba wako, ile kodi nitumie namba hii, jina litakuja la mke wangu." Sumu imo katika maneno hayo ya mwisho. Jina la mpokeaji hutokea kabla hujaweka namba ya siri ili ushtuke likiwa geni. Tapeli akishakuandaa kulitarajia jina geni, kinga yako inageuka kuwa uthibitisho wake. Tulimwomba mama ampigie mwenye nyumba kwa namba aliyoizoea, akakuta mzee yuko shambani, hana habari na ujumbe wowote.

Ujumbe wa namna hiyo usiufute. Utume bila malipo kwenda 15040, kisha uandike namba ya tapeli utakapoombwa, ili ifungiwe. Hiyo 15040 hairudishi pesa. Kama imeshakwenda, piga 100, namba ya huduma kwa wateja, dakika hiyohiyo kabla haijatolewa, halafu nenda polisi ukachukue RB, yaani namba ya taarifa uliyoitoa. Anayekupigia akijiita huduma kwa wateja kwa namba ya kawaida badala ya 100, mkatie simu. Na anayedai amekutumia pesa kimakosa, tazama salio lako, usiuamini ujumbe. Hata ikiwa kweli imeingia, usiirudishe wewe, mwambie apige 100 muamala urejeshwe.

Matapeli hupenda laini zilizosajiliwa kwa majina ya watu wengine, kwa hiyo piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Asiyeweza kuifuatisha menyu hiyo tutamsaidia bila malipo, ingawa ni vizuri aje kabla ya saa nne asubuhi, foleni haijawa ndefu.