Barua ya wazi kwa Mkuu wa Hifadhi ya Taifa Arusha

YAH: MTU WA PILI USIKU WA KILELE, MLIMA MERU

Mheshimiwa,

Tunaandika kuhusu kipande kimoja tu cha mzunguko wa Meru: kutoka kambi ya Saddle hadi kilele cha Socialist na kurudi. Kwingineko, yaani kutoka geti la Momella kwa njia ndefu ya kreta (shimo la volkano) hadi kambi ya Miriakamba (mita 2,514), kisha kurudi siku ya mwisho kwa njia fupi, hatari kubwa ni nyati na tembo, na askari mwenye bunduki ndiye dawa yake. Juu ya Rhino Point, kituo cha kati ya Saddle na kilele, bunduki haina kazi. Tunaomba kila kundi lipande na mtu wa pili wa kumshusha mgonjwa, mbali na mwongozaji, na apangwe kabla kundi halijatoka getini.

Saddle iko mita 3,570, kilele mita 4,566. Kwenye karatasi ni kama mita elfu moja. Miguu inahesabu zaidi, kwa sababu ukishafika Rhino Point njia inateremka tena, inakatiza mwamba ulioinama, ndipo ishike ukingo wa kreta. Wakati wa kupanda, kreta iko kushoto, na ukuta wake hauna pa kushika. Mvua ikinyesha jioni kisha anga likatakata usiku, mwamba ule huvaa barafu nyembamba ambayo tochi haiionyeshi. Utaijua soli ikishateleza. Kiangazi taabu ni majivu: unapiga hatua, nusu yake inarudi chini.

Sasa chukua wageni wanne, mwongozaji mmoja na askari mmoja. Wametoka saa 7 usiku. Saa 10 mmoja anaanza kuyumba. Mwongozaji akishuka naye, watatu wanabaki na askari. Wote wakigeuka, watatu wazima wamepoteza kilele walichokilipia, na ubishi unaanza hapo hapo gizani. Basi linabaki lile la tatu, ambalo kila mtu wa mlima analijua: mgonjwa anaambiwa akae nyuma ya jiwe, angoje wenzake warudi. Shati lake limelowa jasho. Upepo wa ukingoni unalipoza, na baada ya nusu saa vidole havifungi hata zipu ya koti. Tena ugonjwa wa mwinuko, unaoletwa na hewa nyepesi ya juu, haungoji mtu. Tiba yake ya kweli ni kushuka. Kichwa kikiuma peke yake, unaweza kupumzika ukatazama. Mwambie atembee hatua kumi kwenye mstari, kisigino kikigusa kidole. Akipepesuka, ashuke saa hiyo hiyo, na asishuke peke yake.

Mtu wa pili hahitaji kutafutwa mbali. Wagumu, yaani wapagazi, wanalala Saddle usiku ule wakati wageni wanapanda, na njia wanaijua. Mmoja wao apewe mafunzo ya dalili hizo, koti la upepo, glavu, chupa ya chai ya moto na tochi ya kichwani. Betri za akiba azitie mfuko wa ndani, karibu na mwili, maana baridi huzimaliza nguvu hata zikiwa mpya. Malipo yake ya usiku huo yaandikwe kwenye gharama za safari. Tukiiachia bahshishi kazi hii, itafanyika siku mgeni akifurahi tu.

Machela nayo iwepo Saddle, ya kubebwa kwa mikono. Ile ya gurudumu moja ya Kilimanjaro inafaa njia pana. Kwenye mwamba wa Rhino Point gurudumu linageuka mzigo wa pili.

Kuna mambo mawili madogo. Saa ya kugeuka itangazwe getini: ikifika saa 2 asubuhi, popote kundi lilipo, linashuka, kabla mawingu hayajafunika ukingo. Na alama za kung'aa zibandikwe zikimtazama pia anayeshuka, kwa kuwa ndiye aliyechoka, na kreta sasa iko kulia kwake.

Ratiba ya siku tatu hatuombi ifutwe, ingawa hatuipendi. Mgeni aambiwe tu hesabu yake kabla hajalipa: ataamka usiku wa manane, atafika kilele, kisha siku hiyo hiyo atashuka takriban mita 3,000 hadi Momella. Siku ya nne humpa usiku mmoja zaidi Miriakamba, na magoti yake yatashukuru.

Tuko tayari kupanda nawe mchana kutoka Saddle hadi Rhino Point, tusimame pale penye mwamba tuonyeshane pa kuweka alama. Glavu usiache, hata kama jua linawaka.

Wako,
Waongoza watalii wa mlimani, Arusha