Kabla hujasaini mkataba wa ujenzi, soma kifungu cha migogoro

Wateja wanaotuletea mikataba ya ujenzi ofisini kwetu hapa Mbeya huwa wameshasoma mambo mawili kwa makini: bei na tarehe ya kukabidhi jengo. Kifungu cha migogoro, ambacho mara nyingi kiko kurasa za mwisho, wanakiruka. Kumbe ndicho kitakachoamua kama ukidhulumiwa utamudu kudai haki yako au utanyamaza.

Mikataba mingi tunayoiona imenakiliwa kutoka kazi kubwa za Dar es Salaam. Imeandikwa kwamba mgogoro wowote utaamuliwa na wasuluhishi watatu, vikao vitafanyika Dar es Salaam, tena kwa Kiingereza. Kwa mradi wa mabilioni, sawa. Kwa nyumba ya vyumba vinne Uyole au ghala la viazi Isyonje, huko ni kujitafutia hasara.

Tuelewane kwanza kuhusu huyo msuluhishi. Si mzee wa kuwakalisha chini mpatane. Anapokea madai na utetezi, anasikiliza mashahidi, kisha anatoa tuzo, yaani uamuzi wake, inayowafunga wote wawili. Mahakama ikitoa idhini, tuzo hiyo inatekelezwa kama hukumu. Kuipinga ni kugumu, kwa sababu Sheria ya Usuluhishi ya 2020, iliyoanza kutumika Januari 2021, imeacha milango michache: msuluhishi hakuwa na mamlaka, utaratibu ulikiukwa vibaya, au kuna hoja ya kisheria. Kusema tu kwamba hukuridhika hakutoshi.

Sasa tuje kwenye pesa. Mahakamani unalipa ada ya kufungua kesi na wakili wako, lakini hakimu analipwa na serikali. Kwenye usuluhishi, msuluhishi mnamlipa ninyi. Wakiwa watatu, mnawalipa watatu, pamoja na ukumbi, nauli na malazi yao, na kwa kawaida wanadai amana kabla hawajaanza kazi. Mwenzako akigoma kuweka sehemu yake, mara nyingi wewe unayedai ndiye unayelazimika kuilipa ili shauri lisonge, halafu uje kuidai baadaye. Tuseme unadai shilingi milioni 9 za hatua ya kupaua. Wewe na mashahidi wako, pengine fundi mkuu na msimamizi wa kazi, mtasafiri zaidi ya kilomita 800 kwenda Dar es Salaam na kukaa huko mpaka vikao viishe. Deni linaweza kumezwa kabla tuzo haijaandikwa.

Mtu atasema, si aliyeshindwa ndiye hulipa gharama? Ndiyo kanuni ya jumla, mahakamani na kwenye usuluhishi pia. Ila unachorudishiwa ni gharama zilizokaguliwa na kukubaliwa, na mara nyingi hazifikii ulizotumia. Tena unarudishiwa mwishoni, na unayemdai akiwa hana mali, tuzo inabaki karatasi.

Kuna mtego mwingine tunaoukuta kwenye mikataba iliyoandikwa na upande wenye nguvu: eti mkandarasi atabeba gharama zote za mgogoro, ashinde au ashindwe. Uingereza, ambayo sheria yake ya usuluhishi ya 1996 imefuatwa kwa sehemu kubwa na sheria yetu, makubaliano ya namna hiyo hayana nguvu mpaka yawe yamefanywa baada ya mgogoro kuzuka. Sisi tunamshauri mteja asingoje kuja kubishania hilo mbele ya msuluhishi. Akatae sentensi hiyo kabla ya kusaini.

Wapo wanaoamua kukipuuza kifungu na kwenda mahakamani moja kwa moja. Aliyeshtakiwa, kabla hajajibu madai yenyewe, anaweza kuiomba mahakama isimamishe kesi mwende kwenye usuluhishi mliokubaliana. Akifanikiwa, umepoteza miezi na huenda ukamlipa gharama zake. Na usidhani kifungu kimekufa kwa sababu umemfukuza mkandarasi saiti; mkataba ukivunjwa, kifungu cha usuluhishi kinaendelea kuishi.

Hatusemi usuluhishi ni mbaya. Ugomvi ukiwa wa kitaalamu, kama vipimo vya nondo, ubora wa zege au ucheleweshaji uliosababishwa na mvua za Tukuyu, msuluhishi aliye mhandisi au mkadiriaji majenzi anaelewa upesi kuliko mtu anayeanza kufundishwa BOQ (orodha ya vipimo na bei za kazi) ni nini. Shida ni kifungu kisicholingana na kazi. Kwa mikataba midogo huwa tunapendekeza msuluhishi mmoja, vikao vifanyike Mbeya au Iringa, lugha iwe Kiswahili, na madai yaliyo chini ya kiwango mtakachokubaliana yaende mahakamani. Pia atajwe nani atamteua msuluhishi mkishindwa kukubaliana. Baraza la Taifa la Ujenzi lina kanuni zake za usuluhishi na hutumika sana kwa kazi hiyo.

Kinachopunguza gharama kuliko hayo yote ni kumbukumbu. Pimeni kazi pamoja kabla ya kufunika msingi, wote mtie saini. Maagizo ya nyongeza yatolewe kwa maandishi, hata kwa WhatsApp. Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 ujumbe wa simu unaweza kupokelewa kama ushahidi. Na msivutane kwa mwenyekiti wa mtaa mwaka hadi mwaka: ukomo wa madai ya mkataba ni miaka 6, na mazungumzo peke yake hayausimamishi.

Ofisi yetu inapitia mikataba, inapima kazi iliyobishaniwa na kuandaa hesabu za madai. Hatumwakilishi mtu mahakamani. Hiyo ni kazi ya wakili, na panapohitajika wakili tunakuambia siku hiyohiyo. Ukija, beba mkataba mzima pamoja na masharti ya jumla, hata kama hayana saini. Sentensi moja tu kwamba kazi itafuata masharti ya Baraza inaweza kukuingizia kifungu cha usuluhishi ambacho hujawahi kukiona.