Malalamiko kuhusu ukanda wa urembo wa kioo cha mbele na karatasi yake ya maelekezo

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

YAH: UKANDA WA ALUMINIAMU WA RABA YA KIOO CHA MBELE, VOLKSWAGEN BEETLE YA 1967

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nilishawaandikia kwa barua pepe kuhusu jambo hili, na jibu nililopata ndilo limenifanya niandike barua rasmi. Aliyenijibu, kwa maoni yangu, hajawahi kufungua boksi la bidhaa anayoitetea.

Nilinunua kwenu seti ya raba ya kioo cha mbele pamoja na ukanda wake wa urembo, ule wa aluminiamu unaokuja nusu mbili na kuunganishwa kwa klipu katikati, juu na chini. Raba sina neno nayo. Kona zimeungwa vizuri, mfereji wa kuingizia ukanda umenyooka, na ilikaa kwenye kioo bila ubishi. Hata kwenye kuagiza mliniuliza kama gari ni la kabla au baada ya Agosti 1964, swali ambalo wauzaji wengi hawaulizi, ingawa kuanzia hapo Beetle iliongezewa ukubwa wa vioo na raba ya zamani haiingii tena. Kwa hiyo siwezi kusema hamyajui magari haya. Ndiyo maana karatasi ya maelekezo imenishangaza zaidi.

Karatasi hiyo inaagiza kioo kifungwe kwanza kwenye bodi, kikae sawasawa, halafu ukanda uingizwe mwisho kabisa kwa kutumia kifaa kilichomo ndani ya boksi. Kifaa chenyewe ni mpini mfupi wenye kitanzi cha waya mbele na kigurudumu kidogo nyuma yake. Fundi wangu wa vioo alipokitoa tu kwenye mfuko akaniuliza kama nimenunua vifaa vya Mini.

Swali lake lilikuwa la haki. Kwenye Mini, na kwenye magari mengine kadhaa ya Uingereza ya zama hizo, raba ina mfereji unaopokea utepe wa plastiki. Kioo huingia kikiwa bado kinacheza kidogo, kisha kitanzi hupanua midomo ya raba, utepe hupita ndani yake, na kigurudumu huukandamiza ukae. Utepe ukishaingia, raba inatanuka na kukibana kioo. Pale utepe ndio kufuli. Rangi yake ya nikeli ni ziada tu. Uutoe, na kioo kinaweza kusukumwa nje kwa mikono. Lazima uingie mwisho, hakuna njia nyingine.

Kwenye Beetle mambo ni kinyume. Kinachoshika kioo ni raba yenyewe, ikiwa imeuma kioo upande mmoja na ukingo wa bodi upande wa pili. Ukanda wa aluminiamu haushiki kitu, ni pambo. Chini yake una kingo zilizokunjwa ambazo lazima zizame chini ya midomo ya mfereji, na midomo hiyo hufunguka kwa kidole pale tu raba inapokuwa huru. Ndiyo maana kazi hii hufanyika mezani: raba inavishwa kioo, mfereji unapakwa maji ya sabuni, ukanda unapachikwa kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda kwenye kona, klipu zinatelezeshwa kufunika maungio, na ndipo kamba inazungushwa kwenye mfereji wa nje wa raba, ncha zake zikipishana chini. Kioo kinapelekwa kwenye gari kikiwa kimeshapambwa. Mmoja anavuta kamba kutoka ndani, mwingine anasukuma kwa viganja kutoka nje. Ukishafunga kioo, raba imebanwa pande zote na mfereji umejifunga. Kupitisha aluminiamu humo ni sawa na kumvisha mtu soksi akiwa tayari ndani ya buti.

Kuhusu kile kitanzi, hata hakihitaji mjadala. Ukanda wenu ni mpana kuliko tundu lake.

Sasa mtauliza kwa nini basi tulifuata karatasi. Jibu lipo nyuma ya karatasi hiyohiyo, kwa maandishi madogo: ufungaji wowote usiofuata maelekezo unafuta dhamana. Fundi alitaka kuanzia mezani kama anavyofanya siku zote. Maandishi yenu yakamzuia. Yaani mteja wenu ana njia mbili. Akifuata karatasi, anaharibu ukanda. Asipoifuata, ukanda ukiwa na kasoro ya kiwandani hana pa kulalamikia. Hapa ndipo lalamiko langu lilipo, na ningeomba atakayejibu asikimbilie kwenye jambo jingine kabla ya hili.

Matokeo yake ni haya. Nusu ya kushoto iliingia kwenye sehemu iliyonyooka ya chini, kwa taabu, kisha ikagoma kwenye kona. Pale fundi alipokaza kidogo, ukanda ulijikunja ukavimba katikati, na kwenye mkunjo zikatokea nyufa nyembamba nyeupe kama nywele. Mnajua vizuri kwamba hizo hazisuguliki zikaisha. Mng'ao wa aluminiamu hii unalindwa na tabaka gumu la oksidi lililowekwa kiwandani. Tabaka likipasuka limepasuka, na ukilisugua kwa dawa ya kung'arishia unaondoa na lile lililobaki zima. Picha nimeziambatanisha, na moja nimeipiga kwa karibu ili mkunjo uonekane bila kubahatisha.

Ofisa wenu alinishauri kwa barua pepe tutumie bisibisi bapa kuinua mdomo wa raba na, ikibidi, tupake grisi ili ukanda uteleze. Nasema kwa upole: ushauri huu usitolewe tena kwa mtu yeyote. Kioo changu ni cha matabaka mawili yenye plastiki katikati, na kioo cha aina hiyo udhaifu wake upo pembeni. Ncha ya chuma ikigusa ukingo wake na kukandamiza, ufa unaanza papo hapo, mara nyingi bila hata kusikika, na unatambaa baadaye gari likiwa barabarani. Na grisi ya magari kwa kawaida hutengenezwa kwa mafuta yatokanayo na mafuta ghafi. Raba mliyoniuzia, kwa mujibu wa lebo yenu wenyewe, ni EPDM, aina ya raba ya kutengenezwa kiwandani, na EPDM huvimba na kulegea ikikaa na mafuta ya namna hiyo. Mnauza raba nzuri, kisha mnamwambia mteja aiue. Fundi aliweka bisibisi chini akakataa kuendelea, na kwa hilo namshukuru, maana leo ningekuwa naandika pia kuhusu kioo.

Nikafikiri jambo limekwisha, nikaomba ukanda mwingine. Nikajibiwa kwamba vitu vya urembo havina dhamana na kwamba kasoro imetokana na fundi asiye na uzoefu. La kwanza halimo popote kwenye masharti mliyonitumia. Nimeyasoma yote, hata yale yasiyonihusu. La pili nalikataa. Fundi huyu ndiye pekee katika mlolongo huu aliyejua ukanda huu unawekwaje, na ndiye mtu wa kwanza kugundua kwamba kwenye boksi kulikuwa na klipu moja badala ya mbili. Nusu mbili zinakutana sehemu mbili. Sijui nani alizipanga, ila hakuzihesabu.

Kuna na suala la ufungashaji, ingawa halikusababisha ule mkunjo. Nusu ya kulia ilifika ikiwa imepindwa kulizunguka boksi na kufungwa kwa utepe wa karatasi wenye gundi. Aluminiamu nyembamba namna hii haina tabia ya kurudi ilivyokuwa. Tuliinyoosha kwa mkono ikakubali, lakini ukiitazama kwa pembeni kwenye mwanga inaonyesha wimbi. Ubao mwembamba wa kuilalia ungetosha.

Ninachoomba ni hiki. Nitumieni ukanda mpya kamili, nusu zote mbili, kwa sababu ukichanganya mpya na wa zamani mng'ao hautalingana, pamoja na klipu mbili, vikiwa vimelazwa kwenye ubao. Gharama ya fundi kukitoa kioo, kupachika ukanda na kukirudisha iwe juu yenu, kwa kuwa kazi hiyo ya pili imezaliwa na karatasi yenu. Ankara yake nitaileta ikikamilika. Nipeni pia kwa maandishi, katika jibu lenu, idhini ya kufunga ukanda kabla ya kioo kwenda kwenye bodi bila dhamana kuguswa. Bila maandishi hayo fundi hatagusa kitu, na mimi sitamlazimisha.

Karatasi yenyewe iondoeni kwenye seti za Beetle. Inawezekana ni karatasi nzuri kabisa kwa utepe wa Mini, na kile kitanzi pia kina mwenyewe anayekihitaji. Lakini kila boksi linalotoka na karatasi hiyo linamharibia mtu ukanda wake, na wengi hawatawaandikia. Watadhani mikono yao ndiyo mibovu.

Naomba jibu ndani ya siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Nimeambatanisha risiti yenye namba ya oda, nakala ya karatasi ya maelekezo pande zote mbili, barua pepe tulizoandikiana, na picha. Ukanda ulioharibika, ile klipu moja na kifaa cha kitanzi nimevihifadhi. Mkivitaka, tumeni mtu wa kuvichukua au lipeni usafirishaji.

Wenu,

Mteja, mmiliki wa Volkswagen Beetle ya 1967

Nakala: Mkuu wa Kitengo cha Bidhaa