Nyota haijafa, Mhariri, na hiyo herufi U imetoka kwetu

Mhariri,

Ukurasa wako wa sayansi Jumapili iliyopita ulikuwa na kichwa cha habari kilichosema nyota imelipuka na kufa. Habari yenyewe ilihusu 4U 1820-30, iliyoko upande wa kundinyota la Mshale. Nilifundisha fizikia miaka mingi kabla ya kustaafu, na nilishindwa kulikunja gazeti nikanyamaza. Nyota hiyo ilinaswa ikiwaka namna hiyohiyo mwaka 1975, na setilaiti ya Uholanzi iliyoitwa ANS. Imerudia mara nyingi tangu hapo. Vipindi vile ambavyo mwanga wake wa kawaida umefifia, huwaka takriban kila baada ya saa tatu. Ni marehemu gani huyu anayekohoa kila saa tatu?

Nadhani mwandishi wako aliponzwa na neno "mlipuko", ambalo tumelitwika mizigo mingi mno. Nyota kubwa inapobomoka mwisho wa maisha yake, tunasema mlipuko, na hiyo kweli ni mauti. Nyota ya nyutroni ni kile kinachosalia baada ya mauti hayo: kitu kizito kuliko Jua, kilichobanwa hadi kingeweza kukaa kati ya Malindi na Ngomeni, hapa kwetu pwani ya Kenya. 4U 1820-30 ni nyota ya namna hiyo, kwa hiyo matanga yalishaanuliwa zamani sana. Habari yako ilihusu jambo linalotokea juu ya ngozi ya mabaki hayo.

Waliokulia kwenye jiko la kuni watanielewa upesi. Sufuria ikikaa mafigani siku nyingi hushika masizi kitakoni. Halafu jioni moja unaiepua, unaigeuza kidogo, unaona cheche nyekundu zimeanza pembeni na zinakimbizana kwenye yale masizi, zinatambaa mpaka upande wa pili, zinazimika. Bibi yangu alikuwa akisema mgeni yuko njiani. Sufuria haikupata hata ufa. Kesho inarudishwa motoni, masizi yanaanza kujikusanya upya.

Masizi ya 4U 1820-30 ni heliamu. Jirani yake ni nyota kibete nyeupe, yaani kiini kilichobaki cha nyota ndogo iliyokwisha kuni zake, na wawili hao wamekaribiana kiasi kwamba wanazungukana kwa dakika 11. Chai haijachemka, wao wamemaliza mwaka. Nyota ya nyutroni inamnyonya jirani huyo, na gesi inamwagika juu yake, inarundikana na kugandamizwa na mvutano mkali ajabu. Rundo likifikia kina cha mita chache tu, heliamu ya chini inaanza kuungana kuwa kaboni, na huo ndio moto wa nyuklia. Muungano huo hutoa joto, joto huuharakisha muungano, na rundo halipati nafasi ya kupoa. Ndani ya sekunde moja hivi uso wote umeshika moto, kwenye nyuzijoto milioni 20 au 30, na mwanga wake hutufikia kama eksirei. Kwenye nyota za aina hii, mwako mmoja, wa sekunde kumi au dakika moja hivi, hutoa nishati ambayo Jua hutumia siku kadhaa kuitoa. Kisha nyota inapoa na jirani anaendelea kunyonywa.

Hata zile cheche zinazokimbizana zimeonekana. Mwaka 1996 watafiti walikuta kwamba mwanga wa nyota nyingine ya jamii hii, 4U 1728-34, ulikuwa ukipanda na kushuka mara 363 kwa sekunde wakati wa mwako. Sehemu iliyowaka zaidi ilikuwa ikizungushwa na nyota kama taa ya mnara wa bandari, nasi tukapata kujua nyota nzima inajizungusha kwa kasi hiyo. Hilo kwangu ni la kushangaza kuliko kifo chochote, na habari yako haikuligusa.

Nikiri pia kwamba si kila mmweko wa eksirei ni moto wa nyuklia. Iko nyota ambayo wataalamu wa Marekani waliigundua mwaka 1976, ambayo mara nyingine humweka kila baada ya sekunde chache. Rundo haliwezi kujaa haraka hivyo. Ile humweka kwa sababu gesi huiangukia kwa mafungu, na kule kuanguka kwenyewe hutoa nishati nyingi kupita hata moto wa nyuklia. Mwandishi wako akiandika juu ya hiyo, tafadhali asiseme imelipuka.

Lakini lililonitoa kitini hasa ni jina. Gazeti limechapisha "4U 1820-30" mara tano bila kueleza hiyo U ni nini. U ni Uhuru. Tarehe 12 Desemba 1970, siku Kenya ikitimiza miaka saba ya uhuru, roketi ilirushwa kutoka San Marco, jukwaa la Waitaliano lililosimama baharini mbele ya Ngomeni, ikiwa imebeba setilaiti ya kwanza kabisa iliyotengenezwa kwa ajili ya astronomia ya eksirei tu. Wamarekani wenye chombo waliipa jina la Kiswahili kwa heshima ya siku ile na nchi ile. Orodha yake ya nne ya vyanzo vya eksirei ilitoka mwaka 1978, ikiwa na vyanzo 339, na ndiyo hiyo "4U". Hata ile nyota ya 1976 iligunduliwa kwa setilaiti ya SAS-3, iliyorushwa mwaka 1975 kutoka jukwaa lilelile.

Kwa hiyo mtaalamu wa Japani au Denmark anapoitaja nyota hii katika makala yake, anatamka herufi ya neno letu, na sisi wenye neno tumelipita kama namba ya gari. Wanafunzi wangu wa Malindi wengine walikuwa na babu waliofanya kazi kwa Waitaliano wa jukwaa lile. Hakuna kitabu chao cha shule kilichowaambia jambo hili; niliwaambia mimi, kwa chaki.

Naomba uchapishe sahihisho, hata kama ni mistari minne kando ya ratiba ya ligi: nyota ni nzima, iliungua ngozi tu, na U ni Uhuru.

Mwalimu mstaafu,
Malindi